Namna ya kupata buti jepesi lisiloingiza maji kwa mguu mpana

Wenye miguu mipana tunaijua hali hii. Buti limekaa vizuri kisiginoni, urefu unatosha, muuzaji anakuambia limekupendeza. Unafunga kamba, unatembea robo saa, na kidole kidogo kinaanza kuwaka moto. Ukirudi ukaomba namba kubwa zaidi, vidole vinapata nafasi kidogo, lakini sasa kisigino kinapwaya na jioni unavua buti ukiwa na malengelenge nyuma ya mguu. Likiwa ni buti la kuzuia maji mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna tabaka la ziada linalokula nafasi.

Niliishi hivyo miaka mingi nikiamini kwamba miguu yangu ndiyo yenye kasoro. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye kalibu, yaani lile umbo la mguu wa bandia ambalo kiwanda hulivika ngozi ili kuumba kiatu. Kalibu nyingi huchongoka mbele, ilhali mguu ambao haujazoea kubanwa huwa mpana mbele, vidole vikiwa vimetawanyika. Kwa hiyo anza na umbo la mguu wako, tafuta buti lenye umbo hilo, halafu ndipo uulize habari za maji. Huo ndio mpangilio nitakaoufuata.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Buti la mtindo huu, ambalo mimi naliita buti la peku, huuacha mguu ufanye kazi yake karibu kama vile hujavaa kitu, ila umekingwa dhidi ya miiba, kokoto na unyevu. Mwaka 2015 wataalamu 42 kutoka nchi 11 walikubaliana juu ya sifa za kiatu cha namna hiyo: kinapindika kirahisi, ni chepesi, soli yake si nene, kisigino hakijainuliwa sana kuliko sehemu ya vidole, na hakina vifaa vya kuushikilia mguu usiyumbe. Upana haumo kwenye sifa hizo. Wengi tunaangukia hapo. Kiatu kinaweza kuwa na soli ya milimita 5, kikakunjika kama gazeti, na bado kikakubana vidole.

Kinyume chake nacho kipo. Altra Lone Peak, kwa mfano, ni kiatu cha njia za porini chenye nafasi nzuri ya vidole, na kisigino chake kiko usawa mmoja na vidole, lakini soli yake ina unene wa milimita 25 hivi. Kwa anayetoka kwenye buti gumu ni daraja zuri. Ardhi, hata hivyo, huisikii.

Kwa matope na mvua mimi natafuta soli yenye jumla ya milimita 6 hadi 12, meno yakiwemo. Chini ya hapo jiwe lenye ncha linaniuma nikiwa nimechoka. Juu ya hapo naona afadhali nivae buti la kawaida.

Hatua ya 2: Chora mguu wako

Ukiruka hatua nyingine zote, hii usiiruke. Unahitaji karatasi mbili, penseli, rula na mtu wa kukusaidia.

Fanya kazi hii jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na buti linalokutosha asubuhi linaweza kukubana saa kumi na mbili jioni. Vaa soksi utakazozivaa na buti hilo. Bandika karatasi sakafuni kwa gundi ya utepe isiteleze, kisha simama juu yake, uzito ukiwa umegawanyika sawa kwenye miguu yote miwili. Usichore ukiwa umekaa kitini. Mguu usiobeba uzito hudanganya, maana haujatandazika.

Msaidizi wako ndiye achore. Ukiinama mwenyewe, uzito huhama na mchoro huharibika. Penseli isimame wima wakati wote: ikilala kuelekea ndani ya uvungu wa unyayo, mguu utaonekana mwembamba kuliko ulivyo, ikilala upande wa pili, utaonekana mnene. Chora miguu yote miwili, kwani kwa watu wengi mmoja huuzidi mwingine, na buti hununuliwa kwa ule mkubwa.

Sasa pima vitu vitatu. Cha kwanza ni urefu, kutoka nyuma kabisa ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengi hicho ni kidole gumba, lakini wapo ambao cha pili kimekizidi. Cha pili ni upana wa kwenye vifundo vya vidole, kutoka mfupa ulio chini ya kidole gumba hadi ule ulio chini ya kidole kidogo. Cha tatu, ambacho karibu hakuna anayekipima, ni upana wa vidole vyenyewe: kutoka ukingo wa nje wa kidole gumba hadi ukingo wa nje wa kidole kidogo. Andika vyote kwa milimita pembeni ya mchoro.

Mguu wangu wa kulia una urefu wa milimita 264, upana wa 110 kwenye vifundo na 104 kwenye vidole. Yaani kutoka vifundoni hadi vidoleni unapungua milimita 6 tu. Buti za kawaida nilizokuwa nikivaa zilipungua kwa kasi zaidi ya hapo, na ndani ya upungufu huo kidole changu kidogo kilikuwa kikikunjwa chini ya jirani yake mpaka kikaota sugu upande wa nje, ngumu kama kucha. Nilikuwa naiparua sugu kila wiki. Sikuwahi kufikiria kukipima kiatu.

Ukimaliza, bandika mchoro wa mguu mkubwa kwenye kadibodi na uikate kufuata mstari. Kipande hicho utakihitaji buti litakapofika mkononi, kwa hiyo kitunze.

Hatua ya 3: Tambua upana wako uko wapi

Watu husema "nina mguu mpana" kana kwamba ni jambo moja, na ndiyo maana ushauri wa rafiki yako haukusaidii. Upana wa vidole ni tatizo moja: vidole vimetawanyika kama feni, na unahitaji buti lisilochongoka mbele. Upana wa vifundoni ni tatizo lingine, hasa kama una mfupa uliochomoza kando ya kidole gumba au kando ya kidole kidogo. Hapo unahitaji ngozi laini isiyo na mshono juu ya mfupa huo. La tatu ni mguu mnene kwenda juu, mgongo wa mguu ukiwa umeinuka. Huyu hupata shida hata kuingiza mguu ndani ya buti, na kamba zikifungwa huacha alama nyekundu juu ya mguu.

Kadibodi haitakuonyesha tatizo hili la tatu. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia sehemu ya juu kabisa ya mgongo wa mguu kupitia chini kwenye uvungu, na uandike mzunguko. Kama mzunguko huo umeukaribia au kuuzidi urefu wa mguu wako, tafuta buti ambalo kamba zake zinashuka hadi karibu na vidole na ulimi wake unafunguka wazi. Buti la kuvuta tu lisilo na kamba lisahau, litakutesa.

Kuna mtego hapa. Kampuni nyingi hutoa toleo "pana" la buti lilelile. Mara nyingi kinachoongezwa ni nafasi ya vifundoni na ya juu, huku ncha ikibaki imechongoka vilevile. Mwenye tatizo la vifundo tu atafurahi. Mwenye vidole vya feni atalipia kitu ambacho hakimsaidii.

Hatua ya 4: Namba na herufi zichukulie kama dokezo tu

Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi. Namba moja ya Uingereza au Marekani ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Ukipanda namba moja unaongeza urefu mwingi na upana kidogo sana. Ndiyo sababu kununua namba kubwa hakumtibu mwenye mguu mpana: buti linakuwa refu, sehemu inayopindika inasogea mbele ya vifundo vyako, na kila hatua unapigana na soli.

Herufi za upana nazo zina vituko vyake. Marekani, D ni upana wa kawaida kwa wanaume lakini ni mpana kwa wanawake, ambao wa kwao wa kawaida ni B. Uingereza wana mpangilio wao tofauti kabisa. Mfumo wa maana ni ule unaoandika urefu na upana wa mguu kwa milimita, unaojulikana kama Mondopoint. Ukiukuta kwenye boksi, uamini kuliko namba nyingine zote.

Hatua ya 5: Amua unataka kuzuia maji kiasi gani

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu "haliingizi maji" ni maneno yanayouza sana, na kwa mguu mpana yana gharama yake.

Jiulize maji yako ni yapi. Umande wa asubuhi kwenye majani marefu? Mvua ya saa mbili ukiwa njiani? Madimbwi na matope ya kufika kwenye kiwiko cha mguu? Au kazi ya kusimama majini? Kila moja ina dawa yake.

Kwa kusimama majini na matope mazito, hakuna kinachoishinda mpira. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 namna ya kuuimarisha mpira kwa salfa na joto, gambuti limebaki kuwa kiatu pekee ambacho unaweza kukisahau ndani ya tope siku nzima. Siku hizi zipo gambuti zenye soli nyembamba na nafasi ya vidole. Ubaya wake unaujua: jasho halina pa kwenda, na kisigino hucheza. Mimi nalivaa kwa saa mbili tatu, kisha nalivua.

Kwa mvua na majani yenye umande, ngozi nene iliyobaki na uso wake wa asili, yenye mishono michache na iliyopakwa nta, inatosha kabisa. Itachukua saa kadhaa kabla unyevu haujapenya, na utapenyea kwenye mishono. Ila ngozi ina wema mkubwa kwa watu kama sisi: inatanuka. Ikikubana kidogo mahali pamoja, fundi viatu anaweza kuitanua kwa kalibu usiku mmoja, na yenyewe huendelea kulifuata umbo la mguu kadiri unavyoivaa. Kwa wasomaji wengi wa mwongozo huu, hili ndilo ningelipendekeza kwanza.

Halafu kuna utando. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani aligundua kwamba aina fulani ya plastiki, ikivutwa ghafla ikiwa na moto, hutanuka na kuacha vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho unapita. Hiyo ndiyo asili ya Gore-Tex, na leo kampuni nyingi zina tando zao za namna hiyo. Ndani ya buti, utando mara nyingi hushonwa kama soksi iliyoning'inizwa kati ya ngozi na bitana, mishono yake ikizibwa kwa utepe. Ni kitu kizuri, lakini lazima ujue mambo manne.

Kwanza, soksi hiyo inakula nafasi. Modeli ileile, namba ileile, yenye utando inaweza kukubana ilhali isiyo na utando inakutosha. Pili, haitanuki kama ngozi. Fundi akilazimisha, utepe wa mishono huachia na buti linaanza kuvuja. Kwa hiyo buti la utando linapaswa kukutosha tangu dakika ya kwanza. Tatu, mvuke hutoka pale tu ambapo nje kuna ukavu au ubaridi kuliko ndani; kwenye joto lenye unyevu, au ngozi ya nje ikishalowa chepechepe, jasho hubaki humo humo na mtu hudhani buti linavuja. Nne, na hili linahusu buti za peku hasa: buti linalopindika sana hujikunja kwa mkunjo mkali juu ya vidole kila unapopiga hatua, na utando huchoka mahali hapo kabla ya kwingineko. Ukitaka soli laini na utando pamoja, kubali kwamba uzuiaji maji utaisha kabla ya soli.

Njia ya mwisho ambayo wengi hawaifikirii ni kuvaa kiatu chepesi kisicho na utando pamoja na soksi za kuzuia maji. Kiatu hulowa, mguu haulowi, na kiatu hukauka haraka. Ila soksi hizo ni nene, kwa hiyo chora mguu upya ukiwa umezivaa.

Chochote utakachochagua, chungulia ulimi wa buti. Uwe umeshonewa kitambaa au ngozi pande zote mbili kama mfuko uliokunjwa, maana maji huingia pale mshono huo unapoishia hata kama buti lenyewe ni refu kuliko hapo. Ukiambiwa buti lina urefu wa sentimita 15, uliza ulimi umeshonewa hadi wapi.

Hatua ya 6: Tafuta na uulize

Kampuni zinazotengeneza viatu vya mtindo huu si chache tena. Vivobarefoot na Freet ni za Uingereza, Xero Shoes na Lems ni za Marekani, Be Lenka ni ya Slovakia, na Jim Green ya Afrika Kusini inajulikana kwa buti za ngozi zenye mbele pana. Usichukue jina peke yake kama dhamana. Ndani ya kampuni moja hutumika kalibu tofauti, na modeli hubadilika kati ya mwaka na mwaka bila kubadili jina.

Mwandikie muuzaji kabla hujalipa. Ujumbe wangu huwa mfupi: "Naomba vipimo vya soli ya ndani ya namba hii kwa milimita: urefu, upana kwenye vifundo, na upana sentimita 3 kutoka nchani. Je, toleo la kuzuia maji lina nafasi sawa na toleo la kawaida?" Muuzaji anayeijua kazi yake hujibu kwa tarakimu. Akikujibu "chukua namba moja zaidi ya uliyozoea", endelea kutafuta kwingine.

Majibu yakifika, linganisha na mchoro wako. Kwenye urefu, buti lizidi mguu kwa milimita 8 hadi 12. Mimi wa 264 natafuta soli ya ndani ya 274 hivi, ambayo hunifikisha kwenye namba 41 ya Ulaya. Kwenye vifundo, ngozi laini inaweza kukuvumilia soli ikiwa nyembamba kuliko mchoro kwa milimita 3 au 4, kwa sababu ngozi hufura pembeni. Kwa buti la utando usikubali upungufu huo. Kwenye vidole sikubali hata milimita moja, liwe la ngozi au la utando.

Hatua ya 7: Likifika, lijaribu kwa ukali

Subiri jioni. Tafuta sakafu safi, na boksi usilitupe.

Kabla hujavaa, toa soli ya ndani na uweke juu yake ile kadibodi. Halafu simama juu ya soli yenyewe ukiwa na soksi, uzito wote, na utazame chini. Mara ya kwanza nilipofanya hivi na buti langu la zamani, kidole kidogo chote kilikuwa nje ya soli na nusu ya ukucha wa kidole gumba pia. Nilikuwa nimetembea miaka miwili nikikanyaga ukuta wa kiatu. Kama vidole vinamwagika nje ya soli, rudisha buti kwenye boksi. Soli ikiwa imegandishwa kwa gundi na haitoki, sukumia kadibodi ndani taratibu na upapase kwa vidole kama imekunjamana pembeni.

Vaa yote mawili na ufunge kamba. Nyanyua vidole, vitawanye, vikunje. Kila kimoja kiweze kusogea bila kumgusa mwenzake kwa nguvu. Kisha panda na kushuka ngazi: ukishuka, ncha ya kidole isiguse mbele. Kisigino kikinyanyuka kidogo sana si neno, buti jipya ndivyo lilivyo, lakini kikichomoka kila hatua litakuchubua. Chuchumaa. Angalia mkunjo unatokea wapi juu ya buti. Unapaswa kuwa juu ya vifundo vyako, na usiuchome mfupa wowote. Kaa nalo ndani nusu saa ukifanya kazi zako. Ganzi kwenye vidole, hata ndogo, ni jibu la hapana, kwa sababu neva zinazopita kati ya mifupa ya mbele ya mguu zikibanwa kwa muda mrefu huvimba, na maumivu yake huchukua miezi kutulia.

Atakayekuambia "litajiachia lenyewe" hatalivaa yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ngozi hujiachia kwenye vifundo. Kwenye ncha, penye tabaka gumu la kukinga vidole, haijiachii.

Sasa likunje kwa mkono mmoja. Buti la kuzuia maji haliwezi kukunjika kama kiatu cha kitambaa, lakini sehemu ya mbele ipinde bila wewe kukaza meno. Likamate kisigino na ncha ulisokote kama unakamua nguo. Likikataa kabisa, basi limeitwa la peku kwa jina tu.

Jaribio la maji liache mpaka umeridhika na mengine yote na umesoma masharti ya kurudisha. Jaza gazeti kavu ndani hadi kwenye vidole, weka buti kwenye beseni lenye maji yasiyofika pale ulimi uliposhonewa, liwekee kitu kizito juu kidogo lisielee, na usubiri dakika 20. Buti moja nililolijaribu hivyo lilinifundisha kwamba kila upande ni wa kupimwa: gazeti la kushoto lilitoka kavu linavuma kama jipya, la kulia lilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, sawasawa na mahali mshono ulipopita karibu na kidole kidogo.

Hatua ya 8: Kamba na soksi

Kamba ikipitishwa kwenye kila tundu huvuta buti lote pamoja, hata pale unapohitaji nafasi. Mwenye vifundo vipana aanze kufunga kutoka tundu la pili au la tatu, ayaache ya chini wazi. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka aruke tundu lililo juu ya uvimbe huo, kamba ipande wima upande wake kabla ya kukatiza. Kisigino kikicheza, kwenye matundu mawili ya juu tengeneza kitanzi kila upande, pitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, ndipo uvute.

Soksi zinazobana huharibu kazi yote hii. Vua soksi uone kama vidole vyako vimebanana kuelekea katikati. Kama ndivyo, zimekuwa kiatu cha kubana ndani ya kiatu kipana. Sufu nyembamba ni bora kuliko pamba kwenye unyevu, kwa kuwa hubaki na ujoto hata ikilowa.

Hatua ya 9: Uzoeshe mguu

Ukiwa umezoea kisigino kilichoinuka, kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu vitalalamika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji waliohamia viatu vya peku kwa wiki 10, na wengi wao walionekana na uvimbe ndani ya mifupa ya miguu. Hao walikuwa wanakimbia. Wewe unatembea, lakini mwili ni uleule. Anza na nusu saa kwa siku, kisha ongeza kila wiki kama kesho yake huamki na maumivu. Safari ndefu yenye mzigo mgongoni isubiri miezi kadhaa. Mwenye kisukari au ganzi miguuni azungumze na daktari kwanza, kwa sababu soli nyembamba inategemea mguu unaosikia mwiba unapoingia.

Hatua ya 10: Litunze

Likilowa, toa soli ya ndani, jaza gazeti, badilisha gazeti kila baada ya saa chache, na uliweke kivulini penye hewa. Moto na jua kali hukausha ngozi ikapasuka na kuachisha gundi, na buti la peku halina mshono mwingi wa kusaidia gundi hiyo. Buti la utando lioshe mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nje na ndani, maana chumvi ya jasho na matope huziba vitundu. Maji yakiacha kuviringika juu ya ngozi na kuanza kulowesha, paka upya dawa ya kufukuza maji. Ngozi tupu ipakwe nta ya nyuki kidogo kidogo, uisugue zaidi kwenye mishono. Mafuta mengi huilegeza ngozi, na buti la mguu mpana likilegea hupoteza kisigino.

Mara moja kwa mwezi ukague ule mkunjo wa juu ya vidole kwenye mwanga. Ufa mdogo kwenye ngozi unaweza kuzibwa na fundi. Utando uliochanika huzibika kwa shida, na mara nyingi buti hilo huishia kuwa la siku za kiangazi.

Na kabla ya kununua jingine, chora mguu upya. Kadibodi yangu ya kwanza bado ninayo, na nikiweka mguu wa kushoto juu yake leo, kidole kidogo kinachungulia nje kwa milimita 3.